Taa Haiwaki, Lakini Umeme Upo

Taa ya sebuleni imegoma. Swichi iko upande wa kuwasha, feni inazunguka, televisheni inaongea, ila taa hiyo moja haitaki. Wengi wetu hapo huvuta stuli, hupanda na kuanza kuigusagusa holda, kwa hoja inayoonekana haina kasoro: kama haiwaki, basi umeme haujafika. Hoja hiyo ni mbovu, na ubovu wake unastahili kueleweka vizuri kabla mtu hajashika bisibisi.

Taa hutumia nyaya mbili. Mmoja huleta umeme, mafundi wanauita laivu. Wa pili huurudisha, nao ni nyutro. Kati ya hizo mbili kuna volti 230. Taa huwaka pale tu njia yote inapokuwa nzima: laivu hadi kwenye swichi, swichi hadi holda, holda hadi ndani ya balbu, kisha kurudi kwa nyutro mpaka kwenye kisanduku cha breka. Njia ikikatika popote, wewe unaona kitu kilekile, giza.

Sasa tazama mahali inapoweza kukatika. Balbu ikiungua, laivu bado ipo kwenye holda. Nyutro ikikatika, laivu bado ipo, na zaidi ya hapo umeme hupenya ndani ya balbu nzima na kutokea upande wa pili, kwa hiyo ncha zote mbili za holda zinaweza kukupiga shoti. Ni laivu ikikatika kabla ya holda tu, kwa mfano ndani ya swichi, ndipo holda hubaki bila umeme. Hali tatu, na katika mbili hatari iko palepale juu ya dari. Giza linakuambia mzunguko haujakamilika. Halikuambii kwamba mkono wako hauwezi kuukamilisha.

Giza limeishia wapi?

Swali la kwanza halihitaji chombo. Je, ni taa hii peke yake, ni taa zote, au ni nyumba nzima? Kama ni nyumba nzima, chungulia kwa jirani, kisha angalia mita. Uniti za LUKU zikiisha (Zanzibar ni TUKUZA, Kenya wanasema tokeni zimeisha) hakuna fundi atakayekusaidia. Kama taa zote zimezima lakini soketi zinafanya kazi, nenda kwenye kisanduku cha breka. Katika nyumba iliyofungwa umeme vizuri taa huwa na breka yake, mara nyingi ya ampia 6 au 10, tofauti na ya soketi. Kama ni taa moja tu, tatizo liko kwenye balbu, holda, swichi au kiungo kilicho kati yake, na hapo unaweza kuendelea.

Ipo hali moja ambayo haitaki uchunguzi hata kidogo. Taa za chumba zinang'aa kupita kiasi, au zimefifia mno, feni inakimbia kuliko kawaida, na kwa jirani mambo ni kinyume na kwako. Hiyo ni dalili ya nyutro ya mtaani kukatika au kulegea. Nyaya za nguzoni hubeba fezi tatu, yaani laivu tatu tofauti, na kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 400. Nyutro ndiyo inayoifanya kila nyumba ipate 230. Ikipotea, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti huanza kugawana zile 400 kulingana na nani anatumia vitu vingi, na aliyewasha vichache ndiye anayepata volti nyingi. Friji na televisheni huungua kwa namna hiyo. Zima meni swichi, waarifu shirika la umeme (TANESCO, au ZECO kwa Zanzibar), subiri.

Balbu

Jaribio la haraka kuliko yote ni kuihamisha balbu kwenye holda unayojua inafanya kazi. Ikiwaka kule, balbu haina kosa. Isipowaka, umemaliza kazi kwa bei ya balbu mpya. Lakini hata kitendo hiki kina namna yake. Zima swichi, iache ipoe, kwani hata taa ya LED hupata moto sana kitakoni. Balbu ya kuskrubu ishike kwenye kioo au plastiki, si kwenye shingo ya chuma. Kwa kanuni, laivu inatakiwa iende kwenye ulimi mdogo ulio katikati ya holda, na nyutro kwenye duara lenye nyuzi za skrubu. Fundi akizigeuza, taa itawaka vizuri tu na hutajua lolote, mpaka siku vidole vyako viguse ile shingo wakati balbu imeingia nusu. Kwa holda ya pini mpangilio huo hauna maana, kwa sababu ncha zote mbili ziko ndani pamoja. Kidole hakipaswi kuingia humo kabisa.

Watu hulalamika kwamba LED walizoahidiwa zitadumu miaka zinakufa baada ya miezi. Vijitaa vyenyewe mara nyingi ni vizima. Kinachokufa ni sakiti ndogo iliyo kitakoni, hasa kapasita yake, kile kikopo kinachohifadhi umeme kidogo, na kinachoiua ni joto. Ukiifungia balbu ya LED ndani ya globu la kioo lisilo na tundu, au ukiipachika spotilaiti kwenye dari ya jipsamu chini ya bati linalochemka mchana kutwa, umeifupishia maisha. Kwa hiyo kama holda moja inakula balbu kila mara huku nyingine hazina shida, usiilaumu kampuni iliyotengeneza balbu kabla hujaichunguza holda hiyo. Huenda ni joto, huenda ni kiungo kilicholegea kinachokata na kuunga mamia ya mara kwa usiku mmoja.

Tyubu laiti za zamani zina mambo yake. Ikipepesa bila kushika, jaribu kwanza stata, kile kikopo kidogo kando ya tyubu, ambayo ni ya bei rahisi na hutoka kwa kuizungusha. Ncha za tyubu zikiwa nyeusi, tyubu imechoka. Choki, kile kifaa kizito ndani ya fremu ya taa, ikiunguruma na kunuka, iache. Tyubu na enaji seva zina zebaki kidogo ndani, hivyo ikivunjika fungua madirisha, toka kwa muda, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu na kitambaa chenye maji badala ya kufagia na kuitimua vumbi yake.

Kuzima ni wapi hasa

Balbu mpya haikuwaka. Sasa utalazimika kufungua kitu, na hapa ndipo swichi ya ukutani inapoacha kuwa kinga.

Swichi inatakiwa ikate laivu. Katika nyumba nyingi za mitaani kwetu kuna angalau moja inayokata nyutro, kwa sababu aliyeifunga alijali taa iwake na izime, na kwa hesabu hiyo zote mbili ni sawa. Ukiizima swichi ya namna hiyo, taa inazima, lakini laivu imelala kwenye holda usiku na mchana. Pili, hata swichi ikiwa sahihi, katika nyumba zilizofungwa kwa mtindo wa Kiingereza laivu mara nyingi hupitia kwanza kwenye silingi rozi, ule mfuniko wa duara darini, ndipo ishuke kwenye swichi na kurudi juu. Ukifungua mfuniko huo swichi ikiwa imezimwa, bado utakutana na laivu iliyo hai, ikiwa njiani kwenda kwenye taa ya chumba kingine. Tatu, kwenye ngazi na koridoni zenye swichi mbili, kuangalia swichi iko juu au chini hakukuambii chochote.

Na usiamini rangi. Katika ufungaji wa zamani nyekundu ilikuwa laivu na nyeusi nyutro, na ethi, waya wa kwenda ardhini, kijani. Sasa kahawia ni laivu, bluu ni nyutro, na ethi ina kijani na njano pamoja. Nyumba iliyoongezwa vyumba inaweza kuwa na mifumo yote miwili. Waya mweusi unaotoka kwenye swichi kurudi kwenye taa unaweza kuwa laivu kamili kila swichi inapowashwa. Na kuna fundi aliyeishiwa waya mwekundu saa kumi na moja jioni, duka limefungwa, akamalizia na rangi iliyobaki.

Kwa hiyo unazima breka ya taa, na kama breka hazina majina na hujui ipi ni ipi, unazima meni swichi. Waambie walio nyumbani, bandika tepu juu ya breka. Mtoto au mgeni anayeona feni imesimama atakwenda kuirudisha kwa nia njema kabisa.

Kuna desturi ya kungojea umeme ukatike ndipo mtu apande kurekebisha taa. Siipendi hata kidogo. Umeme ukikatika TANESCO hawakukuahidi saa utakaporudi, na ukirudi utakukuta umeshika waya kwa mikono miwili. Isitoshe, jirani anaweza kuwa ameunganisha jenereta vibaya na anasukuma umeme nje kwenye laini ya mtaa. Ukiwa na inveta yenye betri au sola nyumbani, kukatika kwa umeme wa nguzoni hakumaanishi nyaya zako hazina umeme. Zima breka hata wakati wa mgao.

Testa na uongo wake

Ile bisibisi yenye kitaa ndani ni chombo kizuri kikijulikana mipaka yake. Ndani kuna taa ndogo ya neoni na kizuizi cha takriban ohm milioni moja. Unapogusa kofia yake kwa kidole, mkondo mdogo sana, chini ya miliampia moja, hupita kwenye kizuizi, kwenye mwili wako, hadi ardhini. Ndiyo kusema wewe ni sehemu ya kipimo. Ukisimama juu ya ngazi ya mbao kavu ukiwa na kandambili, mkondo huo unaweza kupungua hadi kitaa kisionekane. Mchana wa jua kali dirishani huwezi kukiona hata kikiwaka. Na kitaa kikiwa kimekufa, hakuna tofauti yoyote kati ya testa mbovu na waya salama.

Mafundi makini hupima mara tatu. Wanagusa kwanza mahali wanapojua pana umeme, waone testa inafanya kazi. Wanagusa waya wanaotaka kuufungua. Kisha wanarudi kwenye ile sehemu yenye umeme kuhakikisha testa haikufa katikati. Unachelewa nusu dakika. Multimita ni bora zaidi, kwa kuwa hupima kati ya waya na waya bila kuupitisha umeme mwilini mwako, na siku hizi za bei nafuu zimejaa Kariakoo. Usinunue tu ile ambayo nyaya zake za kupimia zina ngozi nyembamba iliyoanza kupasuka.

Testa ina faida moja ambayo wengi hawaijui. Swichi ikiwa imewashwa na balbu nzima iko mahali pake, fundi akigusa nyaya zote mbili za taa na testa ikawaka kwa zote, nyutro imekatika. Ile ya pili inawaka kwa umeme uliopita ndani ya balbu ukakosa pa kwenda. Lakini pia testa huweza kuwaka kidogo kwenye waya usiounganishwa popote, kwa sababu tu umelala sambamba na laivu ndani ya bomba moja. Mng'ao hafifu hauthibitishi kitu, na kwa ajili ya usalama uhesabu kuwa ni umeme.

Ndani ya holda

Breka imezimwa, umepima, hakuna umeme. Kabla ya kuchomoa waya wowote piga picha kwa simu, mbili au tatu, kila pembe.

Katika holda ya pini tazama vile vijiti viwili vya shaba vyenye springi. Vikibonyea na visirudi, joto limeua springi, na holda hiyo haitengenezeki, nunua nyingine. Katika holda ya kuskrubu tatizo la kawaida ni ulimi wa katikati kulala chini mno hadi usiguse balbu. Unaweza kuunyanyua kidogo, na kidogo maana yake ni milimita mbili hivi. Wapo wanaofanya hivyo umeme ukiwepo, kwa bisibisi ya chuma, ncha moja ikigusa ulimi na ubavu ukigusa duara la skrubu. Huo ndio mlipuko mdogo wa cheche anaousikia mtu chumba cha pili.

Angalia skrubu zinazobana nyaya. Waya uliolegea hupata moto, na moto huo huacha ushahidi: plastiki imegeuka kahawia, ngozi ya waya imekauka na kukatika kama ganda la karanga. Ukiona hivyo, kukaza skrubu hakutoshi. Kata sehemu iliyoungua mpaka ufike kwenye shaba safi inayong'aa, na kama waya haufiki tena kwenye holda, usiuvute. Huo unahitaji kiungo kipya ndani ya konekta, si kusokota na kufunga tepu nyeusi. Gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la darini na baada ya miaka michache kiungo kinabaki uchi.

Pwani kuna la ziada. Hewa ya chumvi huota kutu ya kijani kwenye shaba, hasa taa za barazani na nje. Sisimizi hupenda ndani ya swichi. Mjusi naye huingia nyuma ya taa kufuata wadudu, akagusa laivu na kitu kingine kwa pamoja, na mabaki yake yakakaa hapo yakisababisha breka kushuka bila mpango. Taa ya nje inayozima breka kila mvua inaponyesha, chunguza mpira wake wa kuzuia maji kabla ya kuifungua nyumba nzima.

LED inayong'aa usiku swichi ikiwa imezimwa

Hili huwatia watu hofu, na wengine wameshalihusisha na mambo yasiyo ya umeme. Umezima, umelala, ukifumbua macho usiku taa ina mwanga hafifu, au inapepesa kila sekunde chache. Balbu ya zamani ya wati 60 ilihitaji takriban ampia 0.26 ili iwake, na mkondo mdogo uliopotea njiani haukuonekana kamwe. LED inaridhika na mkondo mdogo mno. Kapasita yake inaukusanya polepole, ikijaa inawaka kwa kufumba na kufumbua, inaanza upya.

Mkondo huo hutoka wapi? Mara nyingi ni swichi yenye kitaa kidogo cha kuionyesha gizani, kwani kitaa hicho hupitisha umeme kidogo kuelekea kwenye balbu. Ukibadilisha swichi ikawa ya kawaida, tatizo linakwisha. Pengine ni nyaya ndefu zilizolala pamoja ndani ya bomba, na fundi anaweza kufunga kapasita ndogo sambamba na taa ili imeze mkondo huo. Hayo mawili hayana hatari. Sababu ya tatu inayo: swichi inakata nyutro. Kwa hiyo LED inayong'aa usiku inaweza kuwa inakuonyesha kosa ambalo lilikuwepo tangu nyumba ilipofungwa umeme.

Breka inayoshuka

Ukiwasha taa na breka ikashuka papo hapo, laivu imegusa nyutro au ethi mahali fulani. Toa balbu, rudisha breka, washa swichi. Ikikaa, balbu ndiyo mbovu. Ikishuka tena, iache chini na umwite fundi. Usirudishe mara ya tatu ukidhani itazoea.

Na usikubali kubadilishiwa breka ya ampia 6 ukawekewa ya 20 ili isisumbue, au fyuzi ya zamani kufungwa kipande cha waya mnene. Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita za mraba 1.5, na breka iko pale kuulinda usiwake moto darini. Haipo kwa ajili yako. Mwili wa mtu ukishikana na volti 230 hupitisha kiasi cha miliampia mia moja hadi mia mbili hivi, zinazotosha kabisa kuvuruga moyo, na breka ya ampia 6 haitastuka kwa kiasi hicho. Kinachomlinda mtu ni RCD, kile kifaa chenye kitufe kilichoandikwa T, ambacho hukata umeme ukivuja miliampia 30 tu. Kama kwenye kisanduku chako hakipo, hiyo ndiyo pesa ya kwanza ya kutumia kabla ya taa za urembo. Kama kipo, bonyeza hicho kitufe mara kwa mara. Kisipozima, kimekufa.

Mtu akinaswa na umeme usimguse. Zima meni swichi. Ikiwa mbali, msukume kwa ubao mkavu au kiti cha plastiki. Akiachia na hapumui, mkandamize kifua katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri. Hata akisimama na kucheka, mpelekeni hospitali moyo wake ukaangaliwe.

Kubadilisha balbu, stata, hata holda inayoning'inia baada ya kuzima breka, mtu mzima makini anaweza. Nyutro iliyokatika ndani ya ukuta, harufu ya kuungua isiyojulikana inakotoka, swichi yenye joto, maji yaliyoingia kwenye bomba la nyaya, hayo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati Tanzania Bara, na mweleze ulichokwisha kuona: ni taa moja au nyingi, balbu ilijaribiwa wapi, breka ilishuka au haikushuka. Utamwokolea saa nzima ya kubahatisha.

Kabla hajashusha ngazi, mwombe azime swichi, atoe balbu, na aguse ndani ya holda kwa testa mbele yako, huku breka ikiwa imewashwa. Isiwake popote. Ikiwaka sawasawa, swichi bado iko kwenye nyutro na kazi haijaisha.